Ulinzi wa Siri za Biashara: Baina ya Mwajiri na Fundi Wake

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo wanasheria wetu hulizungumza kwa Kifaransa, ingawa lawagusa pia watu wengi wasiotumia lugha hiyo kazini mwao: siri za biashara, namna kampuni inavyozilinda, na namna inavyoweza kuzidai mahakamani zikiisha kuibwa. Swali letu ni moja. Sheria inapolinda siri, hulinda kitu gani hasa? Je, ni maarifa yenyewe, au ni uaminifu baina ya aliyeyatoa na aliyeyapokea? Jibu lake ndilo linaloamua fundi anayeacha kazi huondoka na nini kwa haki, na nini kwa wizi.

Kwanza istilahi. Si kila jambo ambalo mwenye kampuni hapendi lijulikane huitwa siri ya biashara. Twakusudia habari ambayo ina thamani kwa sababu wengine hawaijui: kanuni ya mchanganyiko, kiwango cha joto la tanuri, orodha ya wateja pamoja na bei anayotozwa kila mmoja, na hata matokeo ya majaribio yaliyoshindikana, maana kumjulisha mshindani njia isiyofika ni kumwokolea miezi mingi ya kazi. Siri hii hutofautiana na hataza. Mwenye hataza huieleza serikali uvumbuzi wake wote, ukachapishwa, naye hulipwa kwa haki ya kuutumia peke yake kwa muda wa miaka 20. Muda ukiisha, uvumbuzi ni wa watu wote. Mwenye siri haandikishi kitu wala haelezi kitu. Haki yake yaweza kudumu karne nzima, na yaweza kufa leo jioni. Tena, mwenye hataza humzuia hata yule aliyegundua jambo lile lile kwa akili yake mwenyewe. Mwenye siri hana uwezo huo. Mshindani akinunua bidhaa sokoni, akaipeleka maabarani, akaichambua mpaka akajua imetengenezwa vipi, hajavunja sheria yoyote ya siri.

Kuficha ufundi ni jambo la kale kuliko sheria. Mafundi waliokuwa wakiyeyusha shaba hapa Katanga, katika tanuri za udongo wa kichuguu, walipokezana kazi yao ndani ya chama chenye miiko na masharti ya kuingia. Lakini mfano ambao kumbukumbu zake zilihifadhiwa vizuri, na ambao waonyesha udhaifu wote wa ulinzi wa siri, watoka Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 18. Tutaueleza kwa urefu kidogo.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wameijua kauri ya Kichina kwa karne nyingi, wakaipachika katika misikiti na makaburi yao. Wazungu nao waliinunua kwa bei kubwa, wala hawakujua itengenezwavyo. Mwaka 1701 kijana mmoja aitwaye Johann Friedrich Böttger, mwanafunzi wa mwuza dawa mjini Berlin, alikimbilia Sachsen kwa sababu alikuwa amejisifu kwamba aweza kugeuza madini duni kuwa dhahabu, na mfalme wa Prussia akamtaka. Mtawala wa Sachsen, August, ambaye pia alikuwa mfalme wa Poland, alimtaka vile vile, akamtia kizuizini ili amtengenezee dhahabu hiyo. Dhahabu haikupatikana. Lakini Böttger, akifanya kazi pamoja na mtaalamu Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, alifaulu mwaka 1708 kupata kauri nyeupe ngumu kwa kutumia udongo uitwao kaolini na moto mkali kupita ule wa wafinyanzi wa kawaida. Mwaka 1710 kiwanda kilianzishwa, kikawekwa ndani ya ngome ya Albrechtsburg, juu ya kilima cha mji wa Meissen.

Ngome ilichaguliwa kwa kusudi. Milango ililindwa, na mwenye kuijua kanuni hakuwa mtu huru: Böttger mwenyewe hakufunguliwa mpaka mwaka 1714. Zaidi ya hayo siri iligawanywa. Mmoja alikabidhiwa mchanganyiko wa udongo, mwingine alikabidhiwa ule utandu wa kioo unaopakwa juu ya chombo ili king'ae, ili mtu yeyote akitoroka asiondoke na siri nzima. Hata leo viwanda vingi hufuata utaratibu huo huo.

Hata hivyo siri ilitoka kwa miguu miwili. Mwaka 1717 Christoph Conrad Hunger, fundi wa kupamba vyombo, alihamia Vienna, alikoshawishiwa na Claudius du Paquier. Alijua kidogo, na vyombo havikufaulu. Basi mwaka 1719 akafuatwa na Samuel Stölzel, fundi wa tanuri, mtu aliyejua mengi, ambaye aliahidiwa mshahara mnono kuliko ule haba aliokuwa akiupata Meissen. Mwaka ule ule Vienna ikatoa kauri yake, tena kwa kaolini iliyochimbwa Sachsen kwenyewe! Waliofunga milango ya ngome walisahau kulinda machimbo. Lakini du Paquier naye hakutimiza ahadi zake. Mwaka 1720 Stölzel akarudi kwao, na kabla ya kuondoka akaharibu kalibu na udongo wa kiwanda cha Vienna. Ili apokewe kwa msamaha, akaja na mchoraji hodari, Johann Gregorius Höroldt, ambaye baadaye ndiye aliyeipatia Meissen sifa kubwa kwa rangi zake. Hunger naye alishuka hadi Venezia, na huko pia tanuri zikawashwa.

Wahenga husema siri ya mtungi aijuaye kata. Kampuni haiwezi kuchota maji bila kata. Haiwezi kuitumia siri yake bila kuwafunulia watu fulani. Kwa maoni yetu kisa cha Meissen chafundisha zaidi juu ya mishahara kuliko juu ya kufuli. Stölzel hakuibiwa na Vienna kwa hila ya ajabu. Alinunuliwa mahali ambapo bei yake ilikuwa chini, kisha akaipoteza Vienna kwa sababu ile ile.

Sheria za siku hizi haziruhusu kumfunga fundi ngomeni. Zimeweka nini badala yake? Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi baina ya kampuni ya kemikali ya Du Pont na Masland, aliyewahi kuifanyia kazi, naye alitaka kutengeneza ngozi ya bandia kwa njia ambazo kampuni ilidai kuwa ni siri zake. Hakimu Oliver Wendell Holmes alieleza kwamba si lazima kuanza kwa kubishana kama siri ni mali au si mali. Jambo la hakika ni kwamba mdaiwa alizijua habari zile kwa njia ya kuaminiwa, na aliyeaminiwa hana ruhusa ya kuutumia uaminifu huo kumdhuru aliyemwamini. Twadhani hakuna maelezo yaliyo wazi kuliko hayo. Ndiyo sababu mshindani anayegundua mwenyewe hana kosa: hakuna aliyemwamini.

Je, mtu asiyeajiriwa wala kuaminiwa naye hawezi kukosa? Aweza, akitumia njia mbaya. Mwaka 1969 Du Pont hiyo hiyo ilikuwa ikijenga kiwanda cha methanoli huko Beaumont, katika jimbo la Texas. Paa lilikuwa halijaezekwa. Wapiga picha wawili, kwa malipo ya mtu ambaye hawakutaka kumtaja, walipita juu kwa ndege wakapiga picha 16. Hawakuingia katika ardhi ya mtu, wala hawakuvunja mkataba wowote. Mwaka 1970 mahakama ya rufani iliwaona wana kosa hata hivyo, kwa hoja kwamba haifai kuidai kampuni gharama kubwa ya kufunika kiwanda kizima ili kujikinga na ujanja wa namna hiyo. Mwenye siri hutakiwa kujenga ukuta wa kiasi. Hatakiwi kujenga ngome.

Kiasi hicho ndicho kilichoingizwa katika mapatano ya kimataifa. Mapatano juu ya haki za mali ya akili, yaliyotiwa sahihi Marrakesh mwaka 1994 pamoja na yale ya kuanzisha Shirika la Biashara Duniani, yataja siri katika kifungu cha 39. Habari hulindwa ikiwa haijulikani wala haipatikani kwa urahisi miongoni mwa watu wa kazi hiyo. Ikiwa ina thamani ya kibiashara kwa sababu hiyo. Na ikiwa mwenyewe amechukua hatua za kufaa ili ibaki siri. Kesi nyingi huvunjika katika sharti hili la tatu. Mwenye kiwanda huja mahakamani akilia kwamba kanuni yake imeibwa. Hakimu humwuliza karatasi ile ilikuwa wapi, na yeye hujibu kwamba ilibandikwa ukutani karibu na tanuri. Kesi imekwisha. Hatua zenyewe si ngumu: kuandika neno «siri» juu ya hati zinazostahili, na si juu ya kila karatasi ya ofisi, kumpa kila mtu sehemu inayomhusu katika kazi yake, kutia sharti la kutunza siri katika mkataba tangu siku ya kwanza, na siku mtu anapoondoka, kumkumbusha kwa maandishi na kupokea kutoka kwake hati, funguo na nakala zilizomo katika kompyuta na simu.

Siri ikitoka, muda ni mfupi. Fidia ya fedha hairudishi kilichojulikana, kwa hiyo jambo la kwanza kuombwa ni amri ya kuzuia, kabla habari haijaenea. Hapo huzuka taabu ya pekee: mdai lazima aeleze siri yake ni ipi, na kesi kwa kawaida husikilizwa hadharani. Anaweza kuipoteza mahakamani siri aliyokuja kuiokoa. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 2016 na mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka huo huo zimeruhusu mahakama kuficha hati na kupunguza idadi ya wanaosikiliza. Wakati mwingine msaada hutoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 2006 mfanyakazi wa ofisi za Coca-Cola mjini Atlanta na wenzake walijaribu kuwauzia PepsiCo hati za siri. PepsiCo wakaiarifu Coca-Cola, na polisi wakaingilia. Mfanyakazi huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 8.

Na kwetu Kongo? Sheria ya mali ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982 yahusu hasa hataza, alama na michoro. Nchi yetu ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu mwaka 1997, lakini mataifa yaliyo nyuma kimaendeleo, nasi tumo, yamepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mapatano yale ya mali ya akili. Hata hivyo mwenye siri hakuachwa mikono mitupu. Yaweza kutumika kanuni ya kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, kifungu cha 258, kwamba aliyemdhuru mwenziwe kwa kosa lake sharti amlipe. Na ipo Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, ambayo twataka msomaji aiangalie vizuri, hasa akiwa kijana anayetafuta kazi.

Kifungu chake cha 53 chasema kwamba sharti la kumkataza mfanyakazi, baada ya mkataba kwisha, kufungua kazi yake mwenyewe au kuajiriwa kwingine, ni batili. Hiyo ndiyo kanuni. Sharti hilo lapata nguvu tu ikiwa mfanyakazi amefukuzwa kwa kosa kubwa, au ameacha kazi mwenyewe bila mwajiri kuwa na kosa kubwa. Hata hapo yatakiwa awe anawajua wateja au siri za mwajiri kiasi cha kuweza kumdhuru vibaya. Katazo lihusu kazi ile ile aliyokuwa akiifanya. Na lisizidi mwaka mmoja. Faini iliyoandikwa mkatabani ikipita kiasi, mfanyakazi aweza kuiomba mahakama iipunguze. Basi mkataba ukimwambia mkemia wa kiwanda cha kobalti kwamba asifanye kazi katika kiwanda kingine kwa miaka 5, asiingiwe na hofu kabla ya kusoma kifungu hicho.

Hapa twarudi kwenye siri na ufundi. Siri inaweza kufungiwa sandukuni. Ufundi hukaa mkononi na machoni mwa mtu. Mkemia aliyejifunza kwa miaka 10 kutambua kwa kutazama tu kwamba mchanganyiko umeharibika, huo ni ufundi wake, ataondoka nao. Vipimo kamili vya kampuni, alivyovinakili katika daftari usiku wa kuamkia siku ya kuacha kazi, si ufundi. Katikati ya mifano hii miwili pana uwanja mpana wenye giza, nasi twaona kwamba hakimu akiwa na shaka ni afadhali aelekee upande wa fundi, kwa kuwa kampuni ilikuwa na nafasi ya kuandika siri yake ni ipi, na fundi hana njia ya kuacha kichwa chake mlangoni.

Mpaka mwingine ni ule wa mali ya umma. Mwongozo wa Ulaya na sheria ya Marekani tulizozitaja zamkinga, kwa masharti yake, anayefichua siri ili kufunua uvunjaji wa sheria. Nchini mwetu makampuni ya madini yalizoea kuita kila kitu siri, pamoja na mikataba yao na serikali. Lakini kanuni ya kuyeyusha madini ni jambo moja, na bei ambayo taifa limeuzia machimbo yake ni jambo jingine. Amri ya serikali ya tarehe 20 Mei 2011 ililazimu kila mkataba unaohusu maliasili uchapishwe katika muda wa siku 60 tangu kuanza kutumika kwake.