Yokohama ilinifunza thamani ya tulichokifuta

WAHENGA walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 nilikuwa mtembea bure katika mji wa Yokohama, nchini Japani. Kongamano la wanaisimu lililonipeleka Tokyo lilikuwa limekwisha, ndege yangu ilikuwa ya kesho yake, na mwenyeji wangu, binti wa Kijapani aliyesomea Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Osaka, akaniuliza iwapo ningependa kwenda kuona hekalu au magari. Nilichagua hekalu.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "hekalu litakuwapo hata mwakani. Maonyesho haya ya magari ni ya siku moja tu."

Basi tukaenda kuona magari, nami nikiwa na kamera niliyoazimwa na mwenzangu wa idara. Niliyoyaona huko yamenikaa moyoni hadi leo, na si kwa sababu ya magari pekee.

Maonyesho hayo, yanayojulikana kama Yokohama Hot Rod Custom Show, yalianza mwaka 1992 na hufanyika mwezi wa Desemba katika ukumbi wa Pacifico, ulio kando ya bahari. Waandalizi wake ni Mooneyes, kampuni yenye asili yake California, Marekani, ambayo jina lake liliendelezwa na Wajapani baada ya kifo cha mwasisi wake, Dean Moon, mwaka 1987. Duka lao liko Honmoku, mtaa wa Yokohama ambao baada ya Vita Vikuu vya Pili ulikuwa na makazi ya wanajeshi wa Marekani hadi ardhi hiyo iliporejeshwa kwa wenyewe mwaka 1982. Huko ndiko vijana wengi wa Kijapani walikoyaona kwa mara ya kwanza magari marefu ya Kimarekani yakipita mbele ya macho yao. Mgeni aliondoka, mapenzi ya magari yake yakabaki.

Ndani ya ukumbi palikuwa na mamia ya magari na pikipiki. Niliona Ford za mwaka 1932 zilizovuliwa boneti ili injini zionekane kama moyo ulio wazi. Niliona Chevrolet Impala za miaka ya sitini zilizoshushwa chini hata nikadhani zimelala sakafuni. Palikuwa pia na Nissan Skyline na Toyota Crown za kale, ambazo wazee wetu wangezitambua mara moja. Rangi ziling'aa kupita kiasi. Nilipozitazama picha zangu usiku ule, niligundua kwamba karibu katika kila mojawapo nimo mimi mwenyewe, mtu mfupi mwenye kofia, nimejitokeza kwenye mlango wa gari la mwenzangu kama kwenye kioo.

Upigaji picha wenyewe una adabu yake pale. Hakuna anayesukumana. Kila mtu hungoja zamu yake, na akishapiga picha mbili tatu humpisha wa nyuma. Gari haliguswi hata kwa ncha ya kidole. Ukimwomba mwenye gari ruhusa, huinama kidogo, hulipangusa gari lake kwa kitambaa, kisha husogea kando ili asikuharibie picha. Mimi nilimwomba mzee mmoja asisogee. Alisita, akamtazama mwenyeji wangu, akacheka, kisha akasimama wima kama askari kando ya Datsun yake. Kati ya picha zaidi ya mia mbili nilizopiga siku ile, hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote.

Mpenzi msomaji ataniwia radhi nikichepuka kidogo, maana mwanaisimu hawezi kukaa mahali kutwa nzima bila kuyategea sikio maneno. Kijapani, kama Kiswahili, hakipendi konsonanti zirundikane wala silabi ifungwe ovyo. Ndiyo maana neno la Kiingereza likiingia katika lugha hizi mbili huvalishwa irabu kama mtoto avalishwavyo sweta. Sisi tumesema basi, wao wakasema basu. Sisi tuna injini, wao wana enjin. Breki yetu kwao ni bureki. Na magari haya yaliyobadilishwa umbo huitwa kasutamu, neno ambalo nililisikia mara nyingi siku ile hata nikadhani ni la Kibantu.

Aidha, mafundi wao wameunda istilahi zao wenyewe bila kungoja baraza lolote liwaundie. Bomba la moshi lililorefushwa na kuelekezwa juu mbinguni huitwa takeyari, yaani mkuki wa mwanzi. Magurudumu yaliyolazwa upande kupita kiasi huitwa onikyan, jina lenye neno oni, ambalo ni zimwi la ngano zao. Na gari lililobandikwa picha za wahusika wa katuni kutoka mbele hadi nyuma huitwa itasha, yaani gari linaloumiza. Laumiza macho ya watazamaji, wasema wenyewe kwa mzaha, na laumiza pia mfuko wa mwenye nalo. Watu wanaokipa kitu majina mengi hivyo ni watu wanaokithamini.

Mchana tulifika kwenye kibanda ambako fundi mmoja alikuwa akichora mistari myembamba kama uzi kwenye mlango wa gari. Hakutumia rula. Alishika brashi fupi yenye nywele ndefu zilizochongoka kama upanga, akavuta pumzi, akauvuta mstari kutoka pembeni hadi katikati, kisha akachora pacha wake upande wa pili. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wamesimama kimya. Kando yake palikuwa na Toyota Hiace iliyochorwa ndimi za moto mbavuni. Nilicheka peke yangu. Ilikuwa Hiace ileile ambayo kwetu huabiri watu kumi na wanne, na ambayo sisi Wakenya, kwa maajabu ya lugha, tuliizoea kuiita "Nissan".

Mwenyeji wangu aliponiona nacheka alinigeukia. "Mwalimu, nimesoma kwamba matatu za Nairobi zilichorwa vizuri kuliko hizi. Unazo picha?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Sikuwa nazo. Wala nyumbani sikuwa nazo. Sikuwa na hata moja.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu. Mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, alikuwa mchoraji wa matatu katika gereji moja mtaani Kariobangi, Nairobi. Alichora nyuso za wanamuziki, alichora simba, alichora herufi zilizojikunja kama nyoka. Siku moja alileta matatu nzima hadi lango la chuo nilikokuwa nikisomea shahada ya uzamili ili nione kazi yake. Mlangoni alikuwa ameandika kwa herufi za dhahabu jina la marehemu mama yetu. Niliona haya mbele ya wenzangu. Nilimshukuru haraka haraka nikarudi darasani, kana kwamba aliyekuja kunitafuta ni mdai.

Kisha mwezi wa Februari 2004 zikaanza kutekelezwa zile kanuni ambazo wananchi walizibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, hayati John Michuki. Sina ugomvi na mikanda ya usalama wala vidhibiti mwendo. Watu walikuwa wakiangamia barabarani na hatua ilihitajika. Lakini pamoja na hayo, matatu zilitakiwa kupigwa mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikafutwa. Jina la mama yetu lilifunikwa kwa rangi nyeupe katika adhuhuri moja. Mdogo wangu alikuja kwangu akiwa hana kazi. Mimi msomi nikamwambia, "Afadhali. Sasa utatafuta kazi ya maana." Hakunijibu. Alirudi Nakuru, na hadi leo huandika mabango ya maduka ya dawa na vinyozi. Miaka kumi hivi baadaye serikali ililegeza kamba na michoro ikarudi barabarani, lakini yeye hakurudi.

Yamkini kuna msomaji atakayesema: Japani ni nchi tajiri, na magari yale ni vitu vya kuchezea, ilhali matatu ni chombo cha abiria. Ni kweli. Atasema pia kwamba matatu zilizopambwa sana ndizo ziendeshwazo kiwazimu. Mara nyingine ni kweli vilevile. Lakini tusidhani Wajapani walizaliwa wakiyapenda magari haya. Miaka ya sabini na themanini nchi yao ilisumbuliwa na magenge ya vijana waliobadilisha pikipiki na magari yao na kuvuruga barabara usiku kucha. Mwaka 1978 sheria ya barabara ilirekebishwa ili kuwabana, na mwaka 1982 polisi waliwahesabu zaidi ya elfu 42. Mzee mwenye heshima zake wakati ule angeliona gari lililoshushwa chini angetema mate.

Walifanyaje basi? Walitenganisha kosa na kipaji. Aliyevuruga barabara alikamatwa kwa kuvuruga barabara. Aliyependa kulipamba gari lake alipewa ukumbi. Mwaka 1983, mwaka mmoja tu baada ya hesabu ile ya polisi, yalianza mjini Tokyo maonyesho ambayo leo huitwa Tokyo Auto Salon na hufanyika kila Januari. Kwa upande wa sheria, kila gari lazima lipitie ukaguzi mkali uitwao shaken: gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Kisha mwaka 1995 serikali ilipunguza masharti, ikaruhusu vifaa vingi kubadilishwa bila mwenye gari kulipitisha kwenye ukaguzi mpya wa muundo. Mtu alijua mpaka wake uko wapi, na ndani ya mpaka huo alikuwa huru.

Sisi tulifanya kinyume. Dereva alipokosa, tuliuadhibu mchoro. Na leo, ijapokuwa michoro imerudi, inaishi kwa hisani ya mwenye mamlaka. Mchoraji hajui kama agizo la kesho litamfutia kazi ya leo. Hatuna ukumbi wake, na tumeihifadhi kidogo mno. Matatu ni chombo kilichozaliwa nasi. Jina lake lenyewe latokana na mapeni matatu ya senti kumi kumi yaliyokuwa nauli yake, na tumelihifadhi jina hilo miongo mingi baada ya senti zenyewe kutoweka. Inakuwaje tuhifadhi jina na tuitupe sura?

Nakiri kwamba lawama hii si ya serikali peke yake. Serikali haikunizuia kupiga picha. Kamera zilikuwapo. Nilikuwa na macho, na nilikuwa na ndugu aliyenijia hadi langoni. Nilichokosa ni kuamini kwamba kitu kilichotengenezwa na mtoto wa mama yangu, kwa brashi ya bei ya chini, katika uwanja wenye matope, kingestahili filamu yangu. Ilinibidi nipande ndege hadi Yokohama, niwaone wageni wakisimama kimya mbele ya fundi, ndipo nielewe kwamba nami nilipaswa kusimama.

Niliporejea nchini nilikwenda Nakuru. Nilimwonyesha mdogo wangu picha zote, moja baada ya nyingine, tukiwa tumeketi kwenye benchi nje ya kibanda chake. Zile za Impala na Ford alizipita bila neno. Alipofika kwenye picha ya fundi wa mistari alisimama. Aliikuza, akaisogeza karibu na macho, akaifuata ile mistari kwa ukucha.

"Mkono wake hautetemeki," akasema. Kisha akaniuliza, "Kaka, huyu hulipwa?"

Nikamwambia analipwa, na kwamba watu walisafiri kutoka mbali kuja kumtazama akifanya kazi. Akanyamaza kwa muda. Nilimwomba radhi kwa neno nililomwambia mwaka 2004. Alitikisa kichwa kana kwamba halikumbuki, ingawa najua analikumbuka.

Sasa nina ombi moja kwako, msomaji, nalo halihitaji bajeti wala kamati. Ukikutana kesho na matatu iliyochorwa kwa ustadi, ipige picha. Kisha muulize utingo jina la aliyeichora, na uliandike. Mimi nimeanza, ingawa nimechelewa miaka ishirini. Picha ya kwanza katika mkusanyiko wangu ni ya ubao wa kinyozi mjini Nakuru, wenye herufi zilizojikunja kama nyoka, na nyuma yake nimeandika jina la mdogo wangu.