Ukaidi wa Methani

Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, mkabala na pwani ya Kilwa. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako sehemu kubwa huchomwa ili kuzalisha umeme. Karibu yote ni methani: atomi moja ya kaboni iliyofungamana na atomi nne za haidrojeni. Mwanafunzi wa kemia aweza kuuliza: ikiwa kaboni ndiyo msingi wa plastiki, gundi na dawa, kwa nini methani iishie motoni?

Jibu limo katika molekuli yenyewe. Vifungo vyake vinne ni imara. Kukikata kimoja kwahitaji kilojuli zipatazo 439 kwa kila moli. Hata hivyo, penye joto la kutosha kifungo chochote hukatika. Kazi ngumu ni kusimama mahali panapotakiwa. Tuseme mkemia ataka kuingiza atomi moja tu ya oksijeni, apate methanoli, kiowevu ambacho ni malighafi ya gundi za mbao na kemikali nyingi nyingine. Vifungo vya kaboni na haidrojeni katika methanoli ni dhaifu zaidi, kilojuli 402 hivi. Kwa hiyo oksijeni iliyoishinda methani huishambulia methanoli kwa wepesi zaidi, na mwisho wake ni kaboni dioksaidi na maji. Achomaye mahindi alijua jambo hili zamani: moto uivishao punje ngumu ndio uunguzao zile zilizokwisha kuiva.

Viwanda, basi, hupita njia ya kuzunguka. Methani na mvuke wa maji hupitishwa juu ya kichocheo cha nikeli katika joto la nyuzi 850 hivi za Sentigredi. Methani huvunjika kabisa, zikatoka kaboni monoksaidi na haidrojeni. Gesi hizo hupozwa, hugandamizwa, kisha huunganishwa upya kuwa methanoli juu ya kichocheo cha shaba na oksidi ya zinki, katika nyuzi 250 hivi. Hatua ya kwanza ndiyo pia itoayo haidrojeni ya kutengenezea amonia ya mbolea. Njia hii ni ya kutegemewa, ila hula nishati nyingi, na mitambo yake ni ghali mno kwa kisima kidogo cha gesi.

Mwaka 1998 Roy Periana na wenzake, nchini Marekani, walieleza njia ya mkato. Walitumia kichocheo cha platinamu ndani ya asidi kali ya salfuriki, na zaidi ya asilimia 70 ya methani ikageuka kuwa zao walilolitaka. Asidi huifunga methanoli katika umbo lisiloungua upesi. Kuitenganisha baadaye na asidi hiyo ndiko kulikokuwa na gharama.

Na katika matope ya majaruba ya mpunga wako bakteria walao methani. Kimeng'enya chao, chenye chuma au shaba, hutia atomi ile moja ya oksijeni katika joto la kawaida, kisha huiachia methanoli iondoke kabla haijaungua. Bakteria mwenyewe haiweki akiba. Huipokea kwa kimeng'enya kingine na kuila papo hapo.