Mlinzi Naye Hulindwa: Somo la Chanjo Kutoka Nakivale



Kazi ya ulinzi humweka askari katikati ya umati. Pale Base Camp, makao ya utawala ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali hupanga foleni moja, na polisi husimama kati yao. Siku ya ruhusa askari huyo hupanda gari kwenda Mbarara, mji wenye masoko na kambi ya jeshi ya Makenke. Njia anayopita yeye, maradhi nayo hupita.

Uganda ilipoanza kuchanja dhidi ya korona tarehe 10 Machi 2021, zilikuwepo dozi 964,000 tu. Waliotangulizwa ni watumishi wa afya, walimu, vyombo vya usalama, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na wenye maradhi ya kudumu. Wapo walionong'ona kwamba askari amependelewa. La hasha! Wananchi walipoamriwa kukaa majumbani, askari alikuwa barabarani. Angeambukizwa yeye, angewaambukiza wale wale aliotumwa kuwalinda.

Na mkimbizi je? Mwanzoni ilitangazwa kwamba kitambulisho cha taifa kingehitajika. Jambo hilo likafikishwa mahakamani, nyaraka nyingine zikakubaliwa, na wakimbizi wakaingizwa katika mpango wa taifa. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani ugonjwa hauulizi uraia.

Swali lililosumbua mabweni mengi lilikuwa hili: mbona waliochanjwa waliugua? Tujibu kwa lugha ya kijeshi. Kofia ya chuma haimzuii adui kufyatua risasi. Humpunguzia mpiganaji hatari ya kufa. Chanjo ya korona haikuzuia kila ambukizo, na nguvu yake ilipungua kadiri miezi ilivyopita. Lakini ilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo. Wengi walipata homa au maumivu ya mkono kwa siku mbili tatu. Madhara makubwa, kama damu kuganda, yalitokea kwa nadra sana.

Tukumbuke pia ndui. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merka, Somalia, mwaka 1977. Aliogopa sindano, akaikwepa. Alipona, na baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio. Mwaka 1980 ulimwengu ulitangazwa kuwa huru na ndui, kwa sababu wachanjaji waliwatafuta wagonjwa na kuwachanja waliokuwa karibu nao, hata wahamaji wasio na makao.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Hata hivyo maradhi mengine hayana budi kuja. Siku hiyo askari atakayewekwa langoni mwa kituo cha afya atunze foleni, wala asimfukuze mtu kwa sababu ya lugha yake au karatasi yake. Ampeleke kwa mganga, naye mganga ndiye aamue. Na kabla ya kushika zamu hiyo, yeye mwenyewe awe amekwisha kukunja mkono wa shati.