Jina chini ya kioo ni la nani?

Mjane wa mwenzetu aliyechimba dhahabu ku Manguredjipa alikimbia Beni na watoto, akafika Butembo na mzigo mdogo. Ndani ya kitenge mlikuwa kioo kizito cha kukandamizia makaratasi ya biro. Mumewe alipewa zamani na bosi mmoja muzungu aliyekuwa anarudi kwao. Sasa negosia mmoja amemwambia mama: “Hii ni chupa tu, dola tano.” Akatuletea sisi wa sendika: “Bandugu, munisaidie, nisiibiwe.”

Tulikigeuza. Kwa lupe ya mnunuzi wa dhahabu tulisoma chini, maandishi yaliyochorwa kwa mkono: Val St Lambert. Ni kiwanda cha kristali cha Ubelgiji, pale Seraing karibu na Liège, kilichoanzishwa mwaka 1826. Seraing ulikuwa mji wa makaa ya mawe na chuma, watu wa kazi kama sisi.

Lakini jina peke yake halitoshi. Mjanja anaweza kulichora jana. Kwa hiyo tulitazama mambo matatu.

Kwanza, mikwaruzo. Kitu kilichokaa mezani miaka mingi kinakwaruzika chini, na mikwaruzo inapita juu ya maandishi. Kama maandishi ndiyo yanakata mikwaruzo, yaliongezwa nyuma.

Pili, kovu. Fundi anashika kioo cha moto kwa fimbo ya chuma, na pale kinapokatwa panabaki kovu. Kiwanda kizuri kinalisugua mpaka linalainika.

Tatu, uzito. Kristali iko na madini ya risasi ndani, ndiyo maana inashinda chupa kwa uzito.

Kambisti mmoja alituazima pia taa yake ya kuchunguza dola. Zamani urani ilitiwa kwenye vioo kwa ajili ya rangi, na urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilichimbwa na baba zetu. Kioo cha urani kinawaka kijani chini ya taa hiyo. Hiki hakikuwaka.

Basi kiwanda tunakijua. Na mikono? Hapana. Katika kazi ya karakana ndogo, mwendo ulioanzishwa Marekani mwaka 1962 na Harvey Littleton, fundi anaweka jina lake mwenyewe. Kiwanda kinaweka jina la nyumba. Aliyesimama mbele ya tanuru hakuandikwa, sawa na kreseri wetu: dhahabu inasafiri na karatasi ya mnunuzi, jina la aliyeshuka shimoni halimo.

Mama hakuuza kwa dola tano. Tumepiga picha za juu, ubavuni na chini, tumeandika kipimo na uzito, na tunatafuta mnunuzi anayeheshimu jina.

Ninyi muko na kitu kama hiki nyumbani? Musikisugue na mchanga, na musikiuze kabla ya kukigeuza.