Je, Wajua? Reli ya Wales Iliyopona kwa Kusahauliwa

Je, wajua kwamba reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea ilijengwa kwa ajili ya mawe ya kuezekea nyumba? Inaitwa Talyllyn, iko magharibi mwa Wales. Inaanzia Tywyn, mji mdogo wa pwani, inapanda bondeni kilomita 11 na ushee, na kufika juu kidogo ya Abergynolwyn, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wachimbaji wa sleti. Treni ya mvuke inatumia karibu saa moja kufika huko. Mwendo wa pole hasa, na hakuna anayelalamika.

Sleti ni jiwe la kijivu linalochanika matabaka matabaka kama kurasa za kitabu. Paa za miji mingi ya Uingereza ziliezekwa nalo, na vibao vya kuandikia shuleni enzi za mababu vilichongwa kutokana na jiwe la aina hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba vipande vya kuezekea vilipewa vyeo vya mabibi wa kikabaila? Kilichopima inchi 24 kwa 12 kiliitwa Duchess, cha inchi 20 kwa 10 kikawa Countess, na cha inchi 16 kwa 8 kikawa Lady. Mchimbaji aliyeshinda gizani na vumbi kifuani alikuwa akihesabu mabibi wa kifalme siku nzima.

Vita vya Marekani ndivyo vilivyoleta reli Abergynolwyn. Wakati wenyewe kwa wenyewe walipopigana kule, kuanzia 1861 hadi 1865, pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini iliacha kufika Manchester. Akina McConnel, ukoo wenye viwanda vya nyuzi, wakaona mtaji wao unakaa bure, wakautia kwenye machimbo ya Bryn Eglwys, juu ya bonde. Kabla ya hapo sleti ilikuwa ikishuka mlimani mgongoni mwa wanyama. Mwaka 1865 Bunge likaidhinisha reli yao, na mwishoni mwa 1866 abiria wakaanza kupanda.

Sasa sikiliza kituko cha madaraja. Mkaguzi wa serikali, Kapteni Tyler, alipokuja mwaka 1866, aliona kwamba pale reli inapopita chini ya barabara, nafasi kati ya behewa na ukuta wa daraja ni finyu mno. Mlango ukifunguka hapo, abiria hana pa kutokea. Kubomoa madaraja na kuyajenga upya ni gharama, na wenye mali hawakuwa na haja ya kulipa mara mbili. Wakapata dawa ya bei nafuu: milango ya upande mmoja wa mabehewa ikapigwa marufuku kabisa, na reli ikasogezwa kando chini ya madaraja ili nafasi ibaki upande wenye milango. Hadi leo, ukipita hapo, utaona kwamba treni haipiti katikati ya daraja. Imebanwa upande mmoja, na ukuta wa mawe unapita karibu na kioo kiasi cha kuhesabu mimea iliyoota kwenye nyufa. Majukwaa yote ya stesheni yamejengwa upande mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Kosa la mhandisi wa karne ya 19 limegeuka kivutio cha watalii.

Stesheni za njiani hazikuwa na karani wa tiketi. Gadi alikuwa na kidirisha kwenye behewa lake. Treni ikisimama, anakifungua na kuuza tiketi kutoka ndani. Behewa hilo lipo bado.

Je, wajua kwamba zamani wageni waliweza kukodi behewa la sleti na kurudi mjini bila injini? Reli yote inateremka kuelekea baharini. Mkimaliza matembezi yenu Abergynolwyn jioni, mnapanda, mnaachia breki, na mlima unawafikisha Tywyn. Leo hakuna kampuni ya bima itakayokubali kusikia jambo hilo hadi mwisho wa sentensi.

Kijiji chenyewe kiko chini ya reli, kwa hiyo treni haikukifikia. Badala yake mabehewa ya makaa na bidhaa yaliteremshwa kwenye mteremko mkali kwa kamba iliyozungushiwa gurudumu kubwa huko juu.

Injini mbili za mwanzo, Talyllyn ya 1864 na Dolgoch ya 1866, zilitengenezwa Whitehaven kaskazini mwa Uingereza na kampuni ya Fletcher Jennings. Zote mbili bado zinafanya kazi. Boila zimebadilishwa, vyuma vingi vimebadilishwa, na wapenzi wa reli wanaweza kukesha wakibishana kiasi gani cha injini ya awali kimebaki. Ile Talyllyn ilipozaliwa haikuwa hata na kibanda cha dereva. Mvua ya Wales, nayo, haina huruma.

Mwaka 1909 machimbo yalifungwa, na kijiji kikakaa bila kazi. Aliyeyanunua mwaka 1911, pamoja na reli, alikuwa mbunge wa huko huko, Henry Haydn Jones. Biashara haikuwahi kumlipa vizuri. Desemba 26, 1946 sehemu ya machimbo ikaporomoka, na uchimbaji ukakoma. Reli ya sleti ikabaki bila sleti. Mzee alikuwa ameahidi kwamba treni itatembea maadamu yu hai, na ahadi akaitimiza mpaka alipofariki Julai 1950, ingawa wakati huo injini iliyoweza kutembea ilikuwa moja tu, Dolgoch, iliyochoka kama bwana wake.

Lakini hapa kuna jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mwaka 1947 Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha reli za Uingereza, na Januari 1, 1948 zikawa mali ya umma. Talyllyn haikutajwa. Ilikuwa ndogo na maskini kiasi kwamba haikuingia hata kwenye orodha. Jirani yake upande wa pili wa mlima, reli ya Corris, ilikuwa chini ya kampuni kubwa ya Great Western, ikataifishwa pamoja na wakubwa, na mwaka huo huo wa 1948 ikafungwa. Iliyokumbukwa ilikufa, iliyosahauliwa ikapona.

Na majani nayo yalisaidia. Kufikia 1950 reli zilikuwa zile za chuma za tangu mwanzo, mataruma yameoza, nyasi zimefunika kila kitu. Wajuzi wa reli hiyo husema kwamba udongo na mizizi ya nyasi ndivyo vilivyoshikilia reli zisiachane.

Mwandishi na mhandisi Tom Rolt aliandika kwenye gazeti la Birmingham kuomba msaada, na Oktoba 11, 1950 watu wakakutana katika hoteli mjini humo. Hawakuwa na uzoefu wa kuendesha reli. Wengi walidhani ni ndoto za mabwana wa mjini, na ukweli ni kwamba hawakukosea sana. Hata hivyo Mei 14, 1951 treni yao ya kwanza iliondoka Tywyn. Reli nyingi za kihistoria zinazoendeshwa leo na watu wa kujitolea, Uingereza na kwingineko, zilifuata mfano huo. Filamu ya vichekesho ya 1953, The Titfield Thunderbolt, nayo ilitokana na vituko vya Talyllyn.

Je, wajua kwamba watu hao wa Talyllyn walinunua injini mbili kwa pauni 25 kila moja? Upana wa reli yao ni inchi 27, yaani milimita 686, kipimo cha ajabu ambacho karibu hakuna mwingine aliyekitumia. Reli yetu ya zamani ya Mombasa ni mita moja, na ile mpya ya SGR ni milimita 1435. Injini ya kuwafaa ingepatikana wapi? Jibu lilikuwa nyuma ya mlima: Corris, ile iliyofungwa, ilitumia inchi 27 vilevile, na injini zake mbili za mwisho zilikuwa zimelala Machynlleth bila kazi. Zikapewa majina, Sir Haydn na Edward Thomas. Sir Haydn ikaanza kudondoka katikati ya reli, kwa sababu reli za Talyllyn zilikuwa zimetanuka kidogo na magurudumu yake yalikuwa membamba. Ilibidi isubiri njia itengenezwe.

Watoto wetu wanaotazama katuni ya Thomas, ile injini, kwenye televisheni wanaijua reli hii bila kujua. Mchungaji Wilbert Awdry, mtunzi wa vitabu vya Thomas, alikuja kujitolea Talyllyn mwaka 1952 kama gadi. Siku moja alipuliza filimbi akaruhusu treni iondoke, na mama aliyekuwa akiuza vinywaji stesheni ya Abergynolwyn akaachwa nyuma. Badala ya kunyamaza, mchungaji akakigeuza kisa hicho kuwa hadithi. Kwenye vitabu vyake Talyllyn ni Skarloey, Dolgoch ni Rheneas, Sir Haydn ni Sir Handel, na Edward Thomas ni Peter Sam. Chumba chake cha kuandikia kimepangwa upya ndani ya jumba la makumbusho pale stesheni ya Tywyn.

Mwaka 1958 Edward Thomas ilivishwa dohani bapa iliyobuniwa na mhandisi wa Austria, Giesl, ili mvuke uvute moshi vizuri na makaa yatumike kidogo. Ilikuwa injini ya kwanza kuvikwa kifaa hicho visiwani Uingereza. Sasa nenda Makumbusho ya Reli Nairobi, utazame dohani ya Mount Gelai, ile injini kubwa ya daraja la 59: ni kifaa cha Giesl yule yule. Reli za Afrika Mashariki zilikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Injini ya tani 250 hivi na kijidude cha bonde la Wales, dohani moja. Edward Thomas ilivuliwa yake mwaka 1969, kwa hiyo kuiona bapa ni heri Nairobi kuliko Tywyn.

Kujitolea Talyllyn hakumaanishi kupanda injini siku ya kwanza. Unaanza kwa kuisugua kwa kitambaa chenye mafuta, unapanda kuwa mtia makaa, na baada ya miaka ndipo uwe dereva. Daktari, fundi bomba na mwalimu mstaafu wanaweza kuwa chini ya kijana aliyewatangulia kufuzu, naye huwatuma kuondoa majivu kama kawaida.

Ukienda, shuka stesheni ya Dolgoch. Hapo ndipo injini hunywa maji, na maporomoko yako karibu kwa miguu. Kisha panda hadi Nant Gwernol, mwisho wa njia. Abiria hawakufikishwa huko mpaka 1976. Awali palikuwa pa sleti tu. Mbele ya stesheni utaona mteremko ambao mabehewa yaliteremshiwa kutoka machimboni, na njia ya miguu ya kupanda huko. Julai 2021 UNESCO iliweka machimbo ya Bryn Eglwys, kijiji na reli kwenye Urithi wa Dunia, pamoja na maeneo mengine ya sleti ya Wales. Ukitaka kupanda huko machimboni, viatu vya kanisani viache hotelini.

Je, wajua kwamba kila Agosti, tangu 1984, watu hushindana mbio na treni hii? Mbio kuu ni kama kilomita 22, kwenda na kurudi, kwenye matope, mashamba ya kondoo na vilima. Treni hubeba mashabiki wanaopiga kelele madirishani, na hulazimika kusimama kunywa maji, jambo ambalo wakimbiaji hulitumia bila aibu. Wako wengi wanaoishinda. Watu wa Iten na Mbulu, taarifa mmeipata.