Mambo Yanayomsaidia Kweli Kijana Kupata Chuo cha Marekani

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa karafuu unapomalizika, wazee wenye vijana waliotoka skuli hutuuliza swali moja: ni jambo gani khasa limpalo kijana nafasi katika vyuo vikuu vikubwa vya Marekani? Wako mawakala wanaosema kwamba kwa malipo fulani watamfungulia mlango. Kwa hivyo tumeona yafaa kuyaeleza mambo haya moja moja, ili mtu ajue kabla ya kutoa fedha zake.

Kwanza ni nasaba. Katika vyuo vingi vya watu binafsi, mtoto ambaye mzazi wake alisoma hapo hutangulizwa. Chuo cha Harvard kilishitakiwa, na kesi iliposikilizwa mwaka 2018 hesabu zake zilidhihirika mahkamani. Katika miaka iliyochunguzwa, watoto wa waliosoma hapo walipokewa kiasi cha 34 katika kila 100 walioomba. Wasiokuwa na nasaba hiyo walipokewa kiasi cha 6 tu.

Pili ni michezo. Hapo Harvard, wanamichezo walioteuliwa na walimu wa timu za chuo walipokewa 86 katika kila 100. Lakini tufahamu: hao ni wale ambao mwalimu wa timu mwenyewe amewataka. Cheti cha kucheza mpira skuli si kitu kimoja na hicho.

Tatu ni mali. Mwaka 2023 mabwana Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti juu ya vyuo 12 vyenye sifa kubwa kabisa. Waliona kwamba, alama za mtihani zikiwa sawa, mtoto wa jamaa tajiri kabisa huingia vyuo hivyo zaidi ya mara mbili kuliko mtoto wa mtu wa kati. Sababu ni nasaba, michezo, na sifa za nje ya masomo ambazo skuli za kulipia hujua kuzipamba. Tena waliona kwamba faida hizo tatu hazionyeshi nani atafaulu baadaye kazini. Alama za masomo ndizo zinazoonyesha.

Mlango wa nasaba nao waanza kufungwa. Chuo cha MIT hakiutumii, Johns Hopkins kiliuacha mwaka 2014, na jimbo la California lilipitisha sheria ya kuukataza mwaka 2024.

Na mlango wa kununua? Mwaka 2019 William Singer alikiri mahkamani kwamba alipokea fedha za wazazi ili kuwaingiza watoto wao vyuoni kwa udanganyifu. Wazazi kadhaa walifungwa, na yeye mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Basi kijana wetu amebakiwa na nini? Amebakiwa na yaliyo makubwa: alama njema katika masomo magumu, kwa miaka yote na si mwaka wa mwisho peke yake, mtihani wa SAT, ambao MIT iliurudisha mwaka 2022 na Harvard mwaka 2024, barua ya mwalimu anayemjua kweli, na insha aliyoiandika kwa mkono wake. Gunia jipya haligeuzi mpeta ikawa karafuu ya daraja la kwanza.

Liko jambo jingine ambalo mawakala hawalitaji. Vyuo vingi humtazama mgeni anayeomba msaada wa fedha kwa jicho la hesabu, na huenda akakataliwa kwa sababu hiyo. Lakini vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humpokea bila kutazama uwezo wake, kisha humsaidia kwa kadiri ya haja yake. Aidha, vyuo vingi husamehe ada ya maombi kwa asiyeweza kulipa, akiomba.

Mwisho, kupokewa chuoni si kupewa viza. Khabari za viza ziulizwe ubalozini kabla ya kulipa chochote.

Mwanachama atakayeletewa karatasi na wakala, tafadhali aje nayo ofisini tuisome pamoja kabla hajatia saini. Mikarafuu huchukua miaka kuzaa. Fedha yake isiende kwa siku moja kununua ahadi.

Wassalaam,
Katibu wa Chama