Duka na shirika ya musaada: ni ya nani, inatafuta nini, na inajibu kwa nani?

Wakaaji wengi wa Mashariki ya Kongo wanazoea milango mbili: mulango wa butiki na mulango wa shirika ya musaada. Ku mulango wa kwanza unalipa, unabeba kitu chako, unaenda. Ku wa pili unaandikwa jina, unapewa jeto, unangojea. Lakini ukiuliza watu kama ile shirika ni ya nani, majibu inakuwa mingi: "ni ya wazungu", "ni ya leta", ao "ni ya ule mukubwa mwenye gari". Kutojua kuna hasara. Mutu asiyejua mwenye kitu ni nani, hajue pia pa kupeleka malalamiko yake.

Ili kuelewa vizuri, tuchukue mifano mbili kutoka Uingereza. Wa kwanza ni Tesco, duka kubwa ya vyakula kuliko zote katika inchi ile. Wa pili ni Oxfam, shirika yenye watu wa Goma na pembeni yake wanajua zaidi juu ya maji. Oxfam ilileta maji katika makambi ya wakimbizi karibu na Goma mwaka 1994, na tena katika makambi ya waliokimbia vita miaka hii ya nyuma.

Zilianza namna gani?

Mwaka 1919, kijana mumoja anayeitwa Jack Cohen alitoka jeshini kisha Vita ya Kwanza ya Dunia. Alinunua vyakula vilivyobaki vya jeshi, akaviuza ku kibanda sokoni, mashariki ya muji wa London. Historia ya kampuni inasema siku ya kwanza aliuza vitu vya pauni 4, akapata faida ya pauni 1. Mama anayeuza ku soko Virunga ao Kadutu anaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Jina Tesco lilikuja mwaka 1924, kutokana na majina ya mutu aliyemuuzia chai na mwanzo wa jina Cohen. Leo kampuni ina wafanyakazi zaidi ya 300 000.

Oxfam yenyewe ilianza mwaka 1942, katikati ya Vita ya Pili, katika muji wa Oxford. Watu wa muji ule walisikia kama raia wa Ugiriki wanakufa njaa. Inchi yao ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na meli za Uingereza na washirika wake zilifunga njia ya bahari. Wale watu wakaunda komite ya kukusanya feza na kuomba njia ifunguliwe ili chakula kipite. Kwao swali halikuwa "tutauza nini", lilikuwa "nani anateseka, na tunaweza kufanya nini".

Kusudi: faida ni mwisho ao ni njia?

Tesco inauza ili ipate faida. Inatafuta pia kukua, kushinda maduka mengine, na kufanya muteja arudi kesho. Njo maana mwaka 1995 ilianzisha karte ya wateja: unanunua, unapata pointi, kisha pointi zinakupunguzia bei. Tesco inafanya mema pia, kwa mufano inapatia mashirika ya musaada chakula kisichouzwa. Lakini kama mema hayo yanamaliza faida miaka na miaka, wenye mali watauliza maulizo.

Kusudi la Oxfam ni kupiganisha umaskini na kusaidia watu walio katika hatari. Mwisho wa mwaka, kama kuko feza iliyobaki, hakuna mutu wa kuigawanya mufukoni. Inarudi katika kazi: maji, vyoo, mbegu, chakula.

Hapa kuko jambo moja lenye kuchanganya watu. "Bila faida" haimaanishe "bila feza". Shirika ya musaada inalipa wafanyakazi, inanunua gari na mafuta, inalipa nyumba ya ofisi. Kulipa mushahara siyo wizi. Inakuwa shida wakati kinachoenda ku ofisi kinapita kile kinachofika kwa watu, ao wakati hakuna anayeweza kuonyesha hesabu.

Ni ya nani?

Tesco iliingia soko ya hisa ya London mwaka 1947. Hisa ni kipande cha kampuni. Mwenye kununua hisa anakuwa mumoja wa wenye kampuni, hata kama kipande chake ni kidogo sana. Wenye hisa wanachagua wakubwa wa kampuni, na faida ikipatikana, sehemu yake inaweza kugawanywa kati yao. Wakichoka, wanauza hisa zao. Kampuni ikianguka, wanapoteza feza waliyoweka, lakini nyumba zao hazikamatwe juu ya madeni ya kampuni.

Oxfam haina hisa. Hakuna mutu anayeweza kuiuza wala kuiachia watoto wake kama mwandu. Juu yake kuko baraza la wadhamini. Wale hawalipwe mushahara kwa kazi hiyo, na kazi yenyewe ni kuchunga mali isitoke ku kusudi. Hata mukubwa wa Oxfam ni mufanyakazi: anaajiriwa na anaweza kufukuzwa.

Huku kwetu, tofauti hiyo iko pia katika sheria. Muchuuzi mudogo anafanya kazi na patente. Muchuuzi mukubwa anaandikishwa katika rejista ya biashara, RCCM. Wakiwa wengi, ao hata mumoja peke yake, wanaweza kuunda kampuni kama SARL, kufuatana na sheria za OHADA. Kongo imekuwa ndani ya OHADA tangu mwaka 2012.

Upande wa misaada, kuko sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayohusu mashirika yasiyo na faida, yale tunaita ASBL. ONG za Kongo ziko ndani ya sheria hiyo. Inasema kama ASBL haifanye kazi ya viwanda wala biashara, isipokuwa pembeni tu, na haitafute kuwaletea wamemba wake feza. Kibali chenye kuipa ASBL uhai kamili mbele ya sheria kinatoka kwa waziri wa sheria, kisha waziri anayehusika na kazi yake, mufano afya ao kilimo, kutoa maoni mazuri. ASBL ina mukutano mukubwa wa wamemba, na ule njo wenye neno la mwisho. Mwanzilishi, hata kama ni yeye aliyeiota usiku na kuijenga muchana, si mwenye mali ya ASBL.

Ku mambo ya kodi, kampuni inalipa leta kodi juu ya faida yake. ASBL iliyo katika sheria inaweza kuachiliwa kodi hiyo, kwa sababu haitafute faida. Lakini inapaswa kukata kodi ku mishahara ya wafanyakazi wake kama vile muajiri yeyote.

Nani anaguswa na kazi yao?

Duka inagusa watu wengi: wateja, wafanyakazi, wenye kuiletea bidhaa, banki iliyoikopesha, leta inayongoja kodi, na majirani wanaosikia kelele ya jenereta. Kila mumoja anavuta upande wake. Muteja anataka bei ishuke. Mufanyakazi anataka mushahara upande. Mukulima anayeuzia duka maharagi anataka alipwe vizuri na mbio. Mwenye duka anataka faida. Kuongoza duka ni kutafuta namna hao wote wasikimbie siku moja.

Shirika ya musaada nayo ina watu wake: wenye kutoa feza, wafanyakazi, wenye kujitolea bila mushahara, leta, mashirika madogo yanayofanya kazi kwa niaba yake, shefu wa mutaa, na wale wanaopokea musaada.

Lakini kuko tofauti moja kubwa. Ku duka, anayelipa na anayekula ni mutu mumoja. Kama mukate umeoza, mama haununue tena, na mwenye duka anasikia uchungu siku ile ile. Ku musaada, anayelipa yuko London, Brussels ao Washington, na anayepokea alikuwa chini ya hema kule Bulengo. Kama maharagi ni mabaya, anayepokea hana duka ingine ya kwenda. Na anayelipa hakuonja yale maharagi. Anasoma tu ripoti.

Ni kwa hiyo mutu wa musaada mara nyingi ananyamaza. Anaogopa jina lake lisitolewe ku liste. Ni kwa hiyo pia mashirika mengi yanaweka namba ya simu ya bure, sanduku ya malalamiko, na komite ya wakaaji. Hivyo vitu si mapambo. Vinajaribu kumupa anayepokea ile nguvu ambayo muteja anayo ku duka.

Mambo yakiharibika, nani anauliza?

Mwezi wa Septemba 2014, Tesco ilikubali kama hesabu zake zilionyesha faida zaidi kuliko ile ya kweli, kwa kipimo cha pauni milioni 250 hivi. Bei ya hisa zake ilianguka. Wakubwa kadhaa waliondolewa kazini kwa muda ili uchunguzi ufanyike, na mwaka 2017 kampuni ilikubali kulipa faini ya pauni milioni 129. Walioumia mbele ni wenye hisa, na wao ndio walidai majibu.

Kwa Oxfam, mwezi wa Februari 2018 magazeti ya Uingereza yalifunua kama wafanyakazi wake wamoja walilipa wanawake kwa ngono kule Haiti, kisha tetemeko ya inchi ya mwaka 2010. Maelfu ya watu waliokuwa wanatoa feza kila mwezi waliacha. Mwaka 2019, ofisi ya leta ya Uingereza inayochunga mashirika ya musaada ilitoa ripoti kali. Mwezi wa Aprili 2021 shida ilifika hapa kwetu: serikali ya Uingereza ilisimamisha Oxfam isiombe feza mupya, juu ya tuhuma dhidi ya wafanyakazi wake katika Kongo, ndani yake kukiwa tuhuma za kunyanyasa watu kingono.

Tuangalie vizuri adhabu ilitoka wapi. Kwa Tesco, ilitoka ku soko na ku sheria. Kwa Oxfam, ilitoka kwa wenye kutoa na kwa serikali. Lakini anayetoa akifunga mufuko, robine inayokauka haiko London. Tuliona jambo la namna hiyo tena mwanzo wa 2025: Marekani iliposimamisha misaada yake ya inje, kazi nyingi huku Mashariki zilisimama ao zilipunguka, na wagonjwa na wakimbizi hawakuwa wameulizwa.

Pale vitu viwili vinachanganyika

Mupaka si ukuta. Oxfam yenyewe ina maduka mengi: tangu mwisho wa miaka ya 1940 inauza nguo na vitabu ambavyo watu wameipa bure. Wengi wanaouza ndani ni wenye kujitolea. Ni duka kweli, lakini faida yake inaenda ku kusudi la shirika. Huku pia, ASBL inaweza kuwa na mashini ya kusaga, farmasi ao nyumba ya wageni, mradi biashara ibaki pembeni na feza irudi ku kazi ya shirika.

Kuko pia kundi la tatu, kooperative, kama zile za walimaji wa kahawa kule Idjwi ao Minova. Ile inatafuta feza, lakini kwa ajili ya wamemba wake, na wao njo wenye mali.

Shida inaanza wakati mutu anavaa nguo ya shirika ili afanye biashara yake. Ni ile watu wanaita ONG ya mufukoni: rais ni bwana, mwenye feza ni bibi, mukaguzi ni shemeji, na kiwanja kimenunuliwa kwa jina la mutu mumoja. Wengine wanapita katika makartiye wakikusanya dola 5 ao 10 "za kuandikisha jina" kwa musaada ambao haufike.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kuamini

Kwa duka, maulizo ni mafupi. Bei ni gani? Kuko fakture? Tarehe ya kuharibika imeandikwa wapi? Kitu kikiwa kibaya, nitarudisha kwa nani?

Kwa shirika ya musaada, wakaaji wana haki ya kuuliza:

– Karatasi yenu ya kibali iko wapi, na ni nani aliyeitia sinyatire?
– Feza inatoka wapi, na ni kwa kazi gani?
– Nani alichagua watu walio ku liste, na kwa kipimo gani?
– Malalamiko tunapeleka wapi, kama yule tunayemulalamikia ni yeye mwenye kushika liste?
– Kazi ikiisha, hii pompi, hii nyumba, hii mashini itabaki ya nani?

Swali la mwisho linasahauliwa mara nyingi. Ni bora jibu liandikwe ku karatasi, mbele ya shefu na komite, wakati projeti ingali hai, kwa sababu gari za shirika zikisha kuondoka, kila mutu anaanza kusema pompi ni yake.

Na jambo moja lishikwe na kila jamaa: kuandikwa ku liste ya musaada hakulipishwe, si kwa feza, si kwa sehemu ya musaada, si kwa mwili wa mutu. Anayeomba hivyo anatumia jina la shirika kwa faida yake mwenyewe. Kama ni mufanyakazi wake, shirika inapaswa kuambiwa. Kama siye, polisi na shefu wa kartiye wanapaswa kujua.